Mbuzi Anatokwa Machozi? Tuite Leo, Usingoje Afe

Mteja akifika dukani kwetu hapa Tabora na kusema "nipeni sindano ya mafua ya mbuzi", sisi humuuliza kwanza: wanaumwa wangapi, na tangu lini? Akijibu kwamba juzi alikuwa mmoja na leo wako sita, dawa inasubiri. Tunaomba twende naye zizini na kipimo.

Mafua hayo yanaweza kuwa magonjwa mawili tofauti kabisa. Homa ya mapafu ya mbuzi husababishwa na vimelea wa jamii ya bakteria, na antibayotiki inayofaa ikiwahi huokoa. Sotoka ya mbuzi na kondoo inatokana na virusi, na hakuna sindano inayoviua. OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) unayomchoma inasaidia tu dhidi ya vichomi vinavyomdandia mnyama aliyekwisha dhoofu. Siku za mwanzo, kwa macho, yote mawili ni homa, kikohozi na makamasi. Vidonda vya mdomoni, harufu mbaya na kuhara, vinavyoelekeza kwenye sotoka, huchelewa kidogo, na kufikia hapo mgonjwa ameshawapumulia wenzake.

Kipimo chenyewe cha sotoka ni kijikasha cha plastiki kama kile cha malaria pale zahanati, ila hatutoi damu. Tunapitisha kijiti cha pamba jichoni au puani, tunakikoroga kwenye kichupa chenye maji yake maalumu, tunadondosha matone, tunangoja. Mara nyingi ni dakika 10 hadi 20. Mistari miwili maana yake virusi vimeonekana. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake havikuonekana. C ikikosa mstari, kipimo kimeharibika, hata kama ule mwingine umejitokeza.

Kinatafuta virusi vyenyewe, si kinga iliyomo mwilini, kwa hiyo mbuzi aliyechanjwa mwaka jana hapotoshi jibu. Kinachokishinda ni kuchelewa. Virusi huwa vingi machozini wakati homa iko juu na machozi bado ni maji. Mnyama aliyelala siku nyingi, macho yameganda kwa usaha, anaweza kutoa mstari mmoja ilhali sotoka ndiyo inayomuua. Ndiyo maana tukifika hatukimbilii yule anayekata roho, ingawa mwenye zizi kwa uchungu wake humtaka huyo kwanza. Tunapima joto, tunachagua watatu au wanne walioanza kuumwa jana au leo. Kupima zizi zima ni kukumalizia hela.

Na mstari mmoja si cheti cha kwenda mnadani. Wanyama wakiendelea kuanguka, tunachukua sampuli na kuzipeleka maabara. TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wana kituo hapa hapa Tabora, na jibu lao lina uzito kuliko la kijikasha chetu.

Sasa jambo ambalo wengine hawalipendi. Kipimo kikionyesha sotoka, tunamwarifu ofisa mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 haituachii hiari, na tunakwambia hivyo kwenye simu kabla hatujatoka, usije ukasema tumekuchongea. Karantini inawekwa na serikali, si sisi. Tunajua inauma, hasa ada za shule zikiwa zinangoja hao mbuzi. Lakini ukiwakimbiza mnadani usiku, unawauzia jirani zako ugonjwa, na kundi litakalonunuliwa Nzega au Sikonge kesho linaweza kukurudia malishoni. Wenye afya katika eneo hilo huchanjwa kwa utaratibu wa wataalamu wa serikali. Chanjo ya sotoka hutoa kinga ya miaka mitatu au zaidi, mradi haikupigwa na joto njiani.

Joto ni adui wa vipimo pia. Vingi vinatakiwa vikae kati ya nyuzi 2 na 30, na buti la pikipiki juani mwezi wa Oktoba linapita hapo bila shida. Vyetu vinasafiri kwenye sanduku la ubaridi. Muuzaji aliyevipanga dirishani kwenye jua, mpite.

Wafugaji wa nguruwe, tunapima homa ya nguruwe ya Afrika kwa tone la damu. Haina tiba wala dawa ya kujaribu, usipoteze hela. Na mimba za ng'ombe, mbuzi au kondoo zikitoka kwa wingi baada ya mvua kubwa, usishike chochote kwa mikono mitupu: Homa ya Bonde la Ufa huua na watu. Hapo piga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya kwanza, sisi baadaye.

Malipo ni nauli pamoja na idadi ya vipimo, na tunakutajia yote kabla ya safari. Kipimo kilichokosa mstari wa C tunarudia kwa gharama yetu.