Kibandiko ni cha mtu, si cha gari

Mhariri,

Jumamosi nilimpeleka mama dukani katikati ya jiji la Kisumu. Kisukari kilimfanya akatwe mguu, kwa hivyo hutumia kiti cha magurudumu. Nafasi iliyochorwa alama ya kiti hicho ilikuwa imeshikwa na gari lenye kibandiko cha watu wenye ulemavu kwenye kioo cha mbele. Baada ya dakika 20 akaja kijana mbio, akarukia usukani. Nilipomuuliza, alisema kibandiko ni cha babake. Baba mwenyewe alikuwa nyumbani.

Nafasi hizo zimeachwa pana ili mlango ufunguke wote na kiti kisogee kando yake. Kwingine mama hawezi kushuka kabisa, na Ibara ya 54 ya Katiba inampa haki ya kufika kila mahali kwa njia ifaayo.

Lakini tusimrukie kila anayeshuka akitembea. Wapo wenye ugonjwa wa moyo, na wenye mguu bandia ndani ya suruali. Askari wa kaunti waulize tu: mwenye kibandiko yuko wapi?

Mkazi wa Kisumu