Viuadudu vya Kibaha visinunuliwe mara moja na kusahauliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, mali ya Serikali kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Nimekuwa bwana afya miaka mingi katika halmashauri ambayo sitaitaja. Nimestaafu sasa, lakini kila masika yakiisha na madimbwi yakabaki, jambo hili hunirudia moyoni.

Kiwanda kile kilijengwa kwa utaalamu wa kampuni ya Labiofam ya Kuba, kikazinduliwa 2015, kikiwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 6 kwa mwaka. Kazi yake ni kukuza bakteria wa aina mbili ambao kiluwiluwi cha mbu akiwala, utumbo wake huharibika akafa. Binadamu, samaki na bata hawadhuriki.

Nimeyaona kwa macho yangu. Mwaka mmoja tulipewa madumu machache. Nyuma ya bustani moja ya matembele kulikuwa na dimbwi la maji ya kumwagilia. Nilichota kwa upawa mweupe, ndani yake viluwiluwi wakajaa hata kuwahesabu ikawa kazi. Wa mbu wa malaria walilala bapa juu ya maji. Wale wa mbu wa kawaida walining'inia kichwa chini. Tukapiga dawa Jumamosi. Jumatatu asubuhi mama mwenye bustani akanipigia simu: "Bwana afya, njoo uone mwenyewe." Nilichota tena, nikapata wawili tu, nao hawana nguvu ya kuzama. Bata wake walikuwa wanaogelea palepale.

Wiki ya tatu viluwiluwi walikuwa wamerudi, wengi kama mwanzo. Madumu yalikuwa yamekwisha. Nilipouliza ofisini niliambiwa fungu hakuna, tusubiri. Tulisubiri mpaka mvua nyingine.

Hapo ndipo penye tatizo, wala si dawa. Kwa joto letu yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, na jua na mvua hupunguza nguvu ya dawa. Dimbwi linataka kurudiwa karibu kila wiki. Halmashauri inayonunua mara moja, ikapiga picha, ikanyamaza, imezimwaga fedha zake majini. Juni 2017 Rais Magufuli alipotembelea kiwanda aliagiza halmashauri zinunue dawa hii. Lilikuwa agizo jema, ila agizo si kifungu cha bajeti, na kiwanda hakiwezi kupanga uzalishaji kwa kutegemea ziara ya kiongozi.

Tena hatuanzi kujifunza leo. Dar es Salaam, mwaka 2006, kata za Buguruni, Mikocheni na Kurasini zilianza kupigwa dawa ya aina hii kila wiki, na waliozunguka mitaroni walikuwa wakazi wa mitaa ileile. Maambukizi ya malaria yalipungua. Wakati ule dawa iliagizwa kutoka nje. Leo inatengenezwa Kibaha, mwendo mfupi kutoka Buguruni, na bado tunaona uzito.

Wengi wakiitaja Kuba husifu wanasayansi wake, na wanastahili. Kituo chao cha uhandisi jeni cha Havana kilifunguliwa 1986, na wakati wa Uviko-19 waliwachanja watu wao kwa Abdala na Soberana, chanjo walizotengeneza wenyewe. Mimi husifu zaidi upande wa pili: chanjo ikitoka kiwandani, zahanati ya mtaa na daktari wa familia wameshajiandaa kuipokea. Huko mwenye kiwanda na mnunuzi ni Serikali ileile, nao wanazungumza. Sisemi kila kitu chao ni kizuri. Siku hizi maduka yao ya dawa yana uhaba mkubwa kwa kukosa fedha za kigeni na kwa vikwazo vya Marekani. Kumiliki kiwanda peke yake hakutoshi.

Simwambii mtu aache chandarua. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ya mazalia ya mbu itumike pale mazalia yalipo machache, hayahami na ni rahisi kuyapata. Kiangazi mijini hali huwa hivyohivyo: mitaro iliyoziba, mashimo ya mchanga, visima vya bustani. Bwana afya yeyote wa kata anaweza kukuchorea yote kwenye karatasi moja.

Ombi langu ni kila halmashauri itenge fungu la dawa ya kiangazi chote, pamoja na posho ya vijana watakaobeba mabomba mgongoni. Madiwani wakikaa kupitisha bajeti, wananchi tuwaulize: lita ngapi, madimbwi yapi, na nani atarudi wiki ijayo?

Bwana afya mstaafu,
Dar es Salaam