Kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Dada yangu, jina lako sikulijua. Ulivaa barakoa mbili na miwani iliyojaa ukungu, nikakutambua kwa sauti tu. Ilikuwa Julai 2021, Delta, ile aina ya kirusi cha korona, imepamba moto, nami nahema kama mtu aliyepandishwa mlima mbio. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kilisoma asilimia 86. Ukanigeuza kifudifudi, ukaniwekea mto chini ya kifua, ukanieleza kwamba sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo, na ukilala chali unaikandamiza. Muda si mrefu kikasoma 91.

Nilikuuliza nimemkosea nini Mungu. Ukajibu, "Baba, ugonjwa si hukumu. Kirusi kinaingia popote penye pumzi." Neno lile nimelitafakari sana. Nilikuwa nimejiona mkosaji, hata kikohozi nikiwaficha majirani. Tangu usiku ule sioni haya kuugua, na pumzi hii naihesabu kuwa amana niliyokabidhiwa.

Mke wangu anakuombea kila alfajiri. Ukiyasoma haya, ujue yule mzee wa kitanda cha dirishani yupo, anatembea. Asante sana, mwanangu.