Mwanachama mmoja, barua tatu: kompyuta inasingiziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niseme na makarani wa vyama vya akiba na mikopo vya hapa Mwanza. Ninachapa na kutoa kopi Kirumba, si mbali na soko la Mwaloni, na wateja wangu wengi ni akina mama wa dagaa. Wakiletewa barua isiyoeleweka huja nayo dukani niwasomee, kwa hiyo kazi mbovu za ofisi za watu huishia mezani kwangu.

Juzi kaja mama mmoja mwenye mtumbwi, mkononi bahasha tatu za chama chake. Tarehe moja, salamu moja, sahihi moja. Ya kwanza inamdai sh 180,000 za nyavu, ya pili sh 95,000 za taa za sola, ya tatu sh 30,000 za mfuko wa dharura. "Mwanangu, si wamenipunguzia?" akaniuliza. Alidhani walikosea, wakasahihisha, wakasahihisha tena, na sasa deni ni elfu thelathini tu. Hakuna barua hata moja iliyotaja sh 305,000. Nilimpigia simu karani wao, akanijibu: "Dada, kompyuta ndivyo inavyotoa."

Hapo ndipo ninapokataa. Ukiunganisha barua ya Microsoft Word na orodha ya Excel, ile kazi ambayo vijana wa ofisini huiita meili meji, kila mstari wa orodha unatoa barua yake. Word haina habari kwamba mistari mitatu ni ya mtu mmoja. Karani kaandika kila mkopo mstari wake, jambo ambalo kwa hesabu za chama ni sahihi kabisa, kisha akaichukua orodha hiyohiyo ya mikopo kana kwamba ni orodha ya watu. Kompyuta imefanya ilichoambiwa.

Mimi kazi ya namna hii ikija, natengeneza orodha ya pili: mwanachama mmoja, mstari mmoja. Deni la kwanza, la pili na la tatu kila moja lina safu yake, na mwisho kabisa safu ya jumla. Jumla inavutwa kwa SUMIF, fomula ya Excel inayojumlisha mistari yote yenye namba moja ya mwanachama, kutoka kwenye orodha ya zamani, hakuna kushika kikokotoo. Kwa asiye na deni la tatu, ndani ya barua unaweka IF, yaani amri ya sharti ya Word, ili sentensi hiyo isitokee, mtu asije akasoma "Mkopo wa tatu: sh" halafu patupu.

Wapo wanaotaka yote yafanyike ndani ya Word, na inawezekana. Unachagua aina ya meili meji inayoandikwa Directory, ambayo haianzishi ukurasa mpya kwa kila mstari, kisha kwa amri ya SET unaitunza namba ya mwanachama aliyepita na kwa IF unailinganisha na ya huyu wa sasa. Ikibadilika, ndipo barua mpya ianze. Yale mabano ya mkunjo yanayozunguka amri hizo hayachapwi kama herufi, yanatokea kwa Ctrl na F9. Wengi hukwama hapo wakadhani programu imeharibika. Kwa maoni yangu ni kujitafutia kichwa kuuma, ila anayeiweza aitumie.

Njia yoyote utakayoshika ndani ya Word, orodha ipangwe kwanza kwa namba ya uanachama. Mstari unalinganishwa na ule uliotangulia tu, hivyo mtu akitokea mstari wa 4 kisha wa 90 atahesabiwa watu wawili. Na nimesema namba, si jina. Huku Usukumani aliyezaa pacha ana Kulwa na Doto, anayefuata ni Shija, basi chama kidogo tu kinaweza kuwa na akina Shija kadhaa. Masanja naye leo kaandikwa Masanja, mwezi ujao Massanja. Panga kwa jina uone, utamtwisha mtu deni la jirani yake, na ugomvi wa hapo hautamalizwa na karani.

Gharama za karatasi na bahasha sizisemi, maana ninayeziuza ni mimi na pengine ningenyamaza. Lakini kuna wanachama wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ambao barua zao zinapanda boti, tatu kwa mtu mmoja!

Wenyeviti na waweka hazina, kabla printa haijawashwa mwambieni karani atoe barua zote kwenye faili jipya kwanza. Hesabuni barua, kisha hesabuni wanachama wenye madeni. Barua zikizidi watu, msisaini.

Mchapaji,
Kirumba, Mwanza