Tuacheni tulie kwanza

Mhariri naomba nafasi kidogo. Mwanangu alifariki mwezi wa tatu kwa malaria, alikuwa na miaka 4, kandambili zake za bluu bado ziko mlangoni sijaweza kuzitoa. Kanisani wananiambia usilie mama, Mungu kachuma ua lake, jamani hayo maneno yanauma, mi nalia na bado naamini. Someni kwenye Biblia 2 Samweli 12, mtoto wa mfalme Daudi aliugua, Daudi alifunga akalala chini, siku ya 7 mtoto akafa, akaoga akaenda kuabudu akasema yeye ndo atamfuata mtoto, mtoto hatamrudia. Hapo ndo nimeshikilia, ntamwona mwanangu mbinguni. Ila wachungaji wetu, mkija msibani kaeni tu na sisi mkekani, hata bila kuhubiri.

Mama mfiwa, Morogoro