Kata kijiti uone moyo kabla hujalipa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenzangu wa huku Malindi wanaongoja mvua ya mwaka wapande muhogo, manake mie mwaka jana nilipigwa mchana kweupe na sitaki mwingine apigwe.

Nilinunua mbegu kwa muuzaji mmoja wa barabarani, mafungu manne, vijiti vya kijani laini kabisa, nikaona hivi vibichi vitashika upesi. Bodaboda akanifikishia shambani, nikapanda, mvua ikanyesha siku mbili ikakata. Wiki ya tatu ukikivuta kijiti kinakuja chenyewe, ndani kimeoza kama uji, na vile vya mwinuko vimekauka vimenyauka. Jirani yangu tumepakana na alipanda siku ile ile, yake ikachipua yote, nikaanza kudhani kuna mkono wa mtu, astaghafirullah.

Jirani mwenyewe, mzee wa watu, akachukua panga akakata kijiti chake na changu akaniwekea kiganjani. Changu moyo mtupu! Ule weupe wa katikati kama sponji umejaa karibu ufike kwa ganda, mti mgumu ni kaduara kembamba tu. Chake moyo mdogo, mti mnene umeuzunguka.

Binti yangu wa sekondari ndio akanifahamisha, ati huo moyo shuleni wanauita pith, ni seli zenye kuta nyembamba zinaweka maji na chakula shina likiwa bado changa. Shina likinenepa ni ule mti mgumu unaongezeka kwa nje, moyo unabaki vile vile, ndio maana kwa muhogo mmoja ukikata juu utakuta moyo umejaa kijiti na ukikata chini ni mdogo ukilinganisha na ule unene. Kijiti cha moyo mkubwa mti wake mgumu ni mchache, hakina akiba ya kutosha, kinapoteza maji haraka, halafu kwa ule ulaini kuvu na wadudu wanaingia bila hodi. Na sisi utotoni tulikuwa tunamenya mabua ya mtama tunatoa moyo tunaundia miwani na magari, nani angejua utakuja kunila pesa.

Kipimo chenyewe hakitaki mtaalamu, upana wa moyo usizidi nusu ya upana wa kijiti, ukiona vinakaribia kulingana mwachie mwenyewe. Chukua vya muhogo wa miezi 8 mpaka 18, sehemu ya chini na ya katikati, ukate sentimita 20 mpaka 30 viwe na vifundo 5 mpaka 7. Ukikata na utomvu usitoke papo hapo, hivyo vimeshakauka. Lakini moyo hauonyeshi kila ugonjwa, ule wa batobato unauona kwa majani, na ule wa michirizi kahawia mara nyingi hujui mpaka ung'oe muhogo wenyewe upasue, kwa hivyo bora ununue kwa mtu unayelijua shamba lake.

Na nyinyi mhariri, ukurasa wa kilimo kila mara parachichi, parachichi, siku moja tuwekeeni picha ya kijiti cha muhogo kilichokatwa, watu waone.

Yule muuzaji juzi nilimpitia tena nikamwambia kata moja nione ndani. Akaniambia panga lake butu. Nikamtolea langu, akakumbuka ana simu ya kupokea.

Mkulima wa Ganda,
Malindi