Faida inatokea ukurasa msiousoma

Mhariri,

Magazeti yetu yakiandika habari za kampuni ya kigeni hutaja mauzo, ajira na kodi iliyolipwa. Ukurasa wa hesabu unaoorodhesha miamala na kampuni mama na dada zake hauguswi, ilhali humo ndimo faida inamovuka mpaka kabla haijaitwa faida.

Tuanze na riba. Tuseme kampuni tanzu ya Tanzania, yaani inayomilikiwa na kampuni mama ya nje, ina mtaji wa shilingi bilioni 10 na mkopo wa bilioni 90 kutoka kwa kampuni mama, riba asilimia 8. Kila mwaka zinatoka bilioni 7.2. Sheria ya Kodi ya Mapato inaweka ukomo wa 7 kwa 3 kati ya mkopo na mtaji, yaani kwa mtaji huo mkopo wa bilioni 23.3, hivyo riba inayokubaliwa kupunguza faida inayotozwa kodi ni kama bilioni 1.87 tu. Vizuri. Lakini ukomo huo hausemi kitu kampuni mama ikipandisha riba hadi asilimia 12. Hapo mkaguzi lazima aonyeshe mkopeshaji asiye na undugu nayo angetoza ngapi.

Ada ya usimamizi, ambayo tanzu huilipa kampuni mama kwa huduma zake, ndiyo ngumu zaidi. Mara nyingi hukokotolewa kwa asilimia ya mauzo, kwa hiyo hulipwa hata mwaka wa hasara. Ikienda nje hukatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia mlipwaji, ya asilimia 15. Ingebaki kuwa faida ingetozwa asilimia 30. Si kila ada ni hila, maana mifumo ya kompyuta na utaalamu vina gharama. Ila mkataba peke yake si ushahidi. Zitakiwe ripoti za kazi, saa zilizotumika, na jinsi gharama ilivyogawanywa kwa kampuni tanzu zote. Ankara ya mstari mmoja isemayo “huduma za kitaalamu” haitoshi.

Sheria ikiwa na pengo, serikali hushindwa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kenya iliipa ushindi Unilever Kenya, iliyokuwa ikiiuzia Unilever Uganda kwa bei ya chini kuliko ya soko la ndani. Kanuni za Kenya kuhusu bei kati ya kampuni zenye undugu zilitungwa 2006. Kwetu serikali ilishinda: mwaka 2016 African Barrick Gold, kampuni ya migodi ya dhahabu, ilishindwa rufaa ya kodi ya zuio ya dola milioni 41.25. Ilikuwa imelipa wanahisa gawio mwaka 2010 hadi 2013, huku migodi yake ya Tanzania ikionyesha hasara.

Kwa hiyo mwandishi wenu asome hesabu za kampuni mama pamoja na za tanzu. Ajumlishe riba, ada na malipo ya jina la biashara, alinganishe na mauzo ya miaka mitano. Ada ikipanda mauzo yakishuka, aulize kazi gani imeongezeka. Zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam huchapisha hesabu. Nyingine ziombwe, na zikikataa, mchapishe kwamba zimekataa.

Mhasibu,
Dar es Salaam